Kadi ya dabo

Katika droo ya kabati la sebuleni kwetu, Ilazo, hapa Dodoma, zimelala kadi kumi na moja za harusi, sendofu na kipaimara, zote za mwaka jana, tena za Januari hadi Septemba tu. Nilizikuta nikitafuta kadi ya kliniki ya mtoto. Tisa kati ya hizo zimeandikwa dabo, yaani mchango wa watu wawili. Nikakaa chini, nikachukua simu, nikapiga hesabu ambayo mwanamke hatakiwi kuipiga akiwa na njaa. Kwa wastani dabo ilikuwa 120,000, kwa hiyo tulitoa 1,080,000 ili mimi na mume wangu tukae kwenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, tupigiwe muziki mkubwa kuliko ukumbi, na tusisikilizane mpaka tumerudi nyumbani.

Kisha nikajaribu kukumbuka fedha tuliyotumia mwaka huohuo kwenda mahali kutazama au kusikiliza kitu ambacho hakuna kamati iliyotudai. Nilikwangua kumbukumbu mpaka nikafika 64,000, na humo nimejumlisha bajaji na soda mbili.

Naanika hesabu ya nyumbani kwangu kwa sababu sidhani kama ni yetu peke yetu. Tangu tuhamie hapa mwaka 2017 nimekuwa nikisikia wimbo mmoja, saluni, ofisini, kwenye daladala za Jamatini: Dodoma hakuna kitu. Anayeuimba huwa ametoka Dar, na akilini mwake ana orodha. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Kijiji cha Makumbusho. Nafasi Art Space kule Mikocheni. Bendi za dansi za wikiendi, na baharini pa kutembea hata kama mfukoni hamna kitu. Nami niliuimba wimbo huo, miaka mitatu ya kwanza, kwa sauti ya juu kabisa. Siku hizi nashuku kwamba tulikuwa tunasema jambo jingine bila kujua. Utamaduni upo hapa kwa mafungu. Walioadimika ni watu wawili, mtu na mwenzake, wanaotoka nyumbani bila kualikwa.

Mji wenyewe una sehemu yake ya lawama. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, na mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Kanada, uliwaza mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda basi, mji wa vitongoji ambako mtu haishi mbali na jirani yake. Uamuzi huo ukalala zaidi ya miaka arobaini. Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba sasa tunahama kweli, kilichohama kwanza kilikuwa mafaili. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma mjini na watu 410,956, ile ya 2022 ikawakuta 765,179. Ongezeko la namna hiyo ndani ya miaka kumi lingeujaza mji wowote vilabu vya muziki, lakini wengi waliokuja walikuja nusu. Mwili ulikuwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, familia ilikuwa Tabata, Dar.

Pale ofisini kwa mume wangu kulikuwa na wanaume wanane wa rika lake. Watano walikuwa na wake zao Dar. Mmoja alipanga chumba Kisasa, akanunua godoro, mtungi mdogo wa gesi na televisheni kubwa kuliko dirisha, akaishi hivyo miaka minne. Ijumaa saa nane mchana walikuwa wameshaondoka, na Jumatatu wanarudi na macho mekundu. Mji ukawa wa Jumatatu hadi Alhamisi. Nani angefungua ukumbi wa maonyesho katika mji ambao Jumamosi wateja wake wako Chalinze kwenye foleni?

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kicheko ingawa kwangu halichekeshi. Katika mji wa wenzi waliotengana, watu wawili wakionekana mezani jioni wanatiliwa shaka. Mwaka wa pili wa kuwa hapa tulitoka, mimi na baba watoto, tukaenda sehemu moja ya chakula yenye bustani. Sina haja ya kuitaja. Mhudumu, kijana mpole kabisa, alitutazama kwa zamu, akainama, akauliza kwa sauti ya chini: "Mtakaa hapa mbele au niwapeleke kule nyuma?" Kule nyuma kulikuwa na vibanda vya makuti, taa hafifu, na kila kibanda kilikuwa na gari limeegeshwa kwa kurudi kinyumenyume ili namba isisomeke. Nikamwonyesha pete. Akasema, "Hapana shida mama, wote wanazo."

Tulikaa mbele. Lakini muda wote nilikuwa nimekaa wima kama mwalimu wa zamu, na tulikula kwa haraka. Ndipo nilipoelewa kwa nini kadi ya dabo ina nguvu hapa. Kadi ni hati ya ruhusa. Inatangaza kwamba hawa wawili ni mtu na mkewe, wanajulikana, wamelipiwa kiti. Bila kadi, mke na mume wanaonekana kama hawana kazi nyumbani, au kama si mke na mume.

Treni imebadilisha kidogo mwelekeo wa mambo. Reli ya kisasa ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ikiwa 31,000, nilidhani itamaliza kabisa kuuhamisha mji Dar kila Ijumaa. Kwa wengine imefanya hivyo. Ila nimeona pia upande wa pili, wake wanashuka hapa Ijumaa jioni na begi dogo, wamekuja kumtazama mume na mji anaoishi. Jirani yetu alimpokea mkewe hivyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Jumamosi asubuhi akagonga mlango wetu, amevaa shati la pasi, akauliza kwa aibu: "Samahani shemeji, mtu akitaka kumtembeza mke wake hapa, anampeleka wapi?"

Mume wangu alimjibu bila kufikiri: Msalato.

Ni jibu zuri, tena pana kuliko nyama. Mnada wa Msalato wa Jumamosi watu wa mjini wanauita mahali pa kula nyama choma, na ni kweli moshi unaanza kukupokea kabla hujashuka garini. Lakini mkienda wawili, mkafika mapema, mnaona mnada wenyewe: ng'ombe wanaopigwa kofi mgongoni na watu wasiotaka kununua, wazee wa Kigogo wenye fimbo wakizungumza bei kwa vidole chini ya shuka, mitumba iliyotandazwa juu ya turubai, mwanamke anayeuza vibuyu vilivyosafishwa vikang'aa. Nyama imechomekwa kwenye vijiti virefu kuuzunguka moto, mafuta yanadondoka, na muuzaji anakukatia kipande cha kuonja kwa kisu kilekile anachokuonyeshea barabara ya kwenda Kondoa. Mume wangu hana uvumilivu wa kupatana bei. Mimi ninao wa kutosha familia mbili. Pale Msalato ndipo nilipogundua kwamba amekuwa akilipa bei ya kwanza kila mahali kwa miaka kumi na minne ya ndoa, sababu anaona aibu. Sikuwahi kulijua hilo. Hakuna harusi ingeniambia.

Nakwenda taratibu kwenye hoja yangu kwa sababu niliifikia taratibu, na aliyenifikisha ni mzee mmoja mwenye zeze.

Ilikuwa katika moja ya zile dabo tisa, ukumbi wa Area D, bwana harusi Mgogo wa Mvumi. Kamati ilikuwa imealika kikundi cha ngoma za asili, na kikundi kilikuja kimevaa njuga na shanga, kikasubiri nje tangu saa moja. Mshereheshaji alizungumza. Keki ikakatwa, keki ya wazazi ikakatwa, ndafu akaingia akiwa na karoti mdomoni. Saa nne na nusu, bafe ilipofunguliwa, mshereheshaji akatangaza kwamba wakati tunapata chakula tutaburudishwa na watani zetu. Watu mia tatu wakasimama kwenda kupanga foleni, na mzee akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaegemeza kibuyu cha zeze kifuani, akaanza kuupigia mstari wa sahani.

Mume wangu ni mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa. Alikuwa ameshika sahani, amefika kwenye pilau. Akasimama. Waliokuwa nyuma yake wakamzunguka. Alisikiliza mpaka mwisho, kama dakika saba, kisha akaenda kumsalimu. Mzee akasema "Mbukwenyi," sisi tukaitika "salama" kama wageni tuliokuwa. Mume wangu akamwambia amepiga vizuri sana. Mzee akacheka, akaanza kulegeza waya. "Hapa nimekuja kusindikiza wali, mwanangu. Ukitaka kusikia zeze njooni Chamwino."

Nimewahi kusikia watu wakisema harusi zetu ndizo kumbi zetu za utamaduni, kwamba anayetafuta maonyesho Tanzania aende harusini: kuna ngoma, kuna mavazi, kuna mashairi ya mshereheshaji, kuna chakula. Hoja hiyo naiheshimu. Michango ni mfuko wa kusaidiana kabla ya kuwa kero, na sijasahau waliochangia harusi yangu wakati mume wangu alikuwa na suti moja. Lakini hebu tazama sanaa imewekwa wapi katika ratiba hiyo. Iko kati ya keki na zawadi, kama kachumbari. Msanii wa zeze analipwa kidogo kuliko aliyekodisha vitambaa vya viti. Na sisi waalikwa tunaingia kwa miondoko tukipigwa picha, kameramani anatupitia mezani mmoja mmoja, shangazi anakagua gauni. Harusini mimi na mume wangu ndio tunaotazamwa. Ni nadra sana kukaa pamoja tukitazama kitu cha tatu.

Tulikwenda Chamwino mwezi wa saba. Ni kilometa thelathini na ushee kwa barabara ya Dar, ileile inayopita karibu na Ikulu mpya iliyozinduliwa Mei 2023, na kuna kituo cha sanaa ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Kigogo. Mwasisi wake, Dk. Kedmon Mapana, ndiye aliyeteuliwa baadaye kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, jambo ambalo wapenda muziki wa huku tunalitaja kwa fahari ya kijijini. Vikundi vinatoka vijijini, kila kimoja na sare yake, wazee kwa watoto.

Kwanza lazima niseme kuhusu masikio ya mume wangu. Ameishi na noti za do-re-mi tangu Shule ya Jumapili. Kikundi cha kwanza kilipoanza nindo, sauti zikapanda kwa tabaka, wanaume chini, wanawake juu, na moja nyembamba inayokatiza katikati kama filimbi, alikunja uso. "Wamekosea wapi?" akauliza. Hawakuwa wamekosea. Noti za Kigogo hazikukatwa kwa kipimo cha kinanda. Ukiugusa waya wa zeze kwa wepesi bila kuukandamiza, juu yake zinazaliwa sauti nyingine nyembamba, watoto wa sauti ile ya kwanza, na Wagogo wamejenga uimbaji wao juu ya ngazi hiyo ya asili. Ndiyo maana ilimba, ile marimba ya vidole gumba, zeze na koo za watu vinaingiana bila mshono, na ndiyo maana kinanda cha kanisani kikiwekwa hapo kinaonekana ndicho kilichokosea. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa huku Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliibeba ngazi hiyo mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, watu wakalipa tiketi kukaa kimya kuisikiliza. Sisi tunaoishi kilometa thelathini kutoka ilikozaliwa tunaipangia foleni ya pilau.

Kisha wakaja wanawake wa muheme. Wamepangana mstari, kanga zimefungwa kwa nguvu kiunoni, kila mmoja amebana ngoma kati ya magoti, ameinama mbele kidogo. Ngoma za muheme ni za wanawake. Walipoanza kupiga, niliisikia kwenye mbavu kabla ya masikioni. Aliyekuwa mwisho wa mstari alikuwa bibi wa miaka kama sabini, mikono myembamba, na yeye ndiye aliyekuwa akibadilisha mwendo. Akiinua kidevu tu, wote wanageuka. Mume wangu alinisogelea akaninong'oneza, "Yule ndiye mwalimu wa kwaya." Nikamwambia anyamaze.

Njiani kurudi tuligombana, na ugomvi huo ndio naupenda kuliko sehemu yote ya siku. Muheme inatokana na unyago, na unyago wa Ugogo kwa vizazi vingi ulikuwa na kisu ndani yake. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya 1998, na bado mkoa huu unahangaika nao. Mume wangu alisema haiwezekani kuitenga ngoma na kisu, kwamba tulikuwa tumepiga makofi kwa jambo ambalo tungemripoti mtu polisi. Mimi nilisema wanawake wale wamefanya kazi ambayo sheria haiwezi kuifanya, wamekiacha kisu wakabaki na ngoma, na mtoto wa kike anayejifunza kupiga muheme leo anarithi kitu chenye nguvu bila kulipa kwa damu. Tulifika Ihumwa bado tunabishana. Tulifika nyumbani, watoto wamelala, tukakaa jikoni na chai mpaka saa sita. Katika miaka yetu ya ndoa tumebishana kuhusu ada, ndugu, gari na simu. Ile ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kubishana kuhusu jambo lisilotuhusu sisi wawili, na nilimwona mume wangu kama nilivyomwona tulipokutana, kijana mwenye maoni.

Hapo ndipo naona kasoro katika namna tunavyozungumzia kutoka kwa wenzi. Washauri wa ndoa, na siku hizi kila mwenye akaunti ni mshauri wa ndoa, wanatuambia tutoke ili tupate muda wa sisi wawili. Matokeo yake watu wanakwenda kukaa mezani wakitazamana, wakiishiwa mazungumzo dakika ya ishirini, kila mmoja anatoa simu. Kutazamana tunatazamana nyumbani. Mji mkubwa una faida moja ambayo sebule haina, kwamba unaweka mbele yenu kitu kigeni, kizuri au kibaya, na kila mmoja analazimika kuonyesha anakionaje. Kibaya nacho kina kazi yake. Tuliwahi kwenda kwenye maonyesho ya vichekesho katika ukumbi mmoja wa mjini. Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni, yakaanza saa nne usiku, kipaza sauti kikafa mara tatu, na mchekeshaji alirudia utani wa Wagogo na ombaomba ambao hata bibi yangu alikuwa ameuchoka. Tulirudi tukicheka zaidi kuliko tulivyocheka ukumbini.

Saa nne usiku, hata hivyo, ni kikwazo cha kweli. Anayetoka Nkuhungu au Nzuguni kwa daladala hawezi kungoja onyesho lililochelewa. Bodaboda ya usiku kwa watu wawili mnajua bei yake, na hatari yake. Matangazo nayo yanapita kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wanaojuana, kwa hiyo unajua lililofanyika jana. Jiji lina Nyerere Square, lina bustani ya Chinangali, lina viwanja vya Nanenane Nzuguni vinavyochangamka Agosti na kunyamaza sehemu kubwa ya mwaka. Sijaona ubao mmoja wa mji unaosema Jumamosi hii kuna nini. Ubao na rangi ni gharama ya dabo mbili.

Lakini hata muda wa usiku nadhani tumeuazima bila kuuliza. Tumemeza wazo la Dar kwamba starehe ya watu wazima inaanza giza likiingia. Ugogo una ratiba yake, na inawafaa wenye watoto. Ngoma ni za kiangazi, baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, vihenge vikiwa na uwele na vumbi likiwa jepesi, na zinachezwa mchana na jioni mapema kwa sababu usiku wa Dodoma wa Julai una baridi ya kukufanya uvae sweta mbili. Tulipotoka Chamwino jua lilikuwa bado halijazama. Zabibu nazo zina kalenda, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na mashamba ya Hombolo na Bihawana yako karibu kuliko safari ya kwenda kununua pazia Kariakoo. Mazoezi ya kwaya ni katikati ya wiki, jioni, milango iko wazi. Nimekaa benchi la nyuma nikamsikia mume wangu akikemewa na mwalimu kwa kuburuta besi, bure kabisa, na ilikuwa burudani ya hali ya juu.

Sipendi kuandika kana kwamba haya yote ni rahisi. Nina msaidizi nyumbani, mume wangu ana gari kuukuu linaloheshimu barabara ya lami. Mwalimu mwenzangu mwenye watoto wanne na mume aliyeko Geita hana jioni ya kugawana na mtu. Ila kwa sisi ambao fedha ya dabo tunaipata, tena kwa kukopa kwenye kikoba, kisingizio cha "hakuna kitu" kimechakaa. Bendi haiwezi kukaa katika mji ambao wenzi wake hawanunui tiketi. Mzee wa zeze hawezi kukataa kusindikiza wali kama hakuna anayemlipa kukaa kwenye kiti mbele yake. Tunangoja jiji litujengee ukumbi wa tamthilia, na ningependa lijenge, lakini ningependa pia kujua nani atakayekaa viti viwili viwili siku ya Alhamisi ya kawaida, bila kadi.

Mwezi wa nane tulikwenda Kolo. Ni safari ya saa tatu hivi kuelekea Kondoa, lami yote, halafu ofisini pale mnapewa mwongoza wageni na mnapanda mlima kwa miguu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mapango yenye michoro yanazidi 150, lakini siku tuliyokwenda tulikuwa peke yetu na nyani. Mwongozaji alituonyesha mchoro mmoja mwekundu uliofifia. Kuna watu watano wembamba, vichwa vikubwa kama vimevaa kitu. Wa katikati ni mwanamke, na wengine wako wawili wawili kila upande, kama wanamshika mikono.

Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyeinakili michoro ya huku mwaka 1951, aliona mwanamke anayetekwa. Baadaye wengine wakasema hapana, ni ngoma ya tiba, watu wamepandisha. Mwongozaji akatuuliza sisi tunaona nini.

Mume wangu akasema wanamgombania, tazama wanavyovutana. Mimi nikasema hakuna anayevuta. Wawili wamemsindikiza, wawili wamekuja kumpokea. Ni sendofu. Akasema ninaona harusi kila mahali kwa sababu ya zile kadi. Nikamwambia yeye anaona ugomvi kila mahali kwa sababu ya ofisi yake. Mwongozaji, kijana wa Kirangi mwenye adabu, akageuka kutazama bonde.

Hatujaafikiana mpaka leo. Mume wangu amechapisha picha aliyoipiga kwa simu, ameibandika kwenye friji, na kila mgeni anayekuja anaulizwa upande wake. Jirani yetu wa treni yuko upande wake, mkewe yuko upande wangu.

Wiki iliyopita ikaja kadi nyingine, dabo 150,000. Nikampigia mjumbe wa kamati, dada ninayemheshimu sana, nikamwambia tutatoa ya singo, na siku hiyo wasituwekee kiti. Akanyamaza kidogo.

"Mama, kuna usalama huko nyumbani?"

Nikamwambia upo. Jumamosi hiyo tunarudi Kolo, tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu anadai asubuhi mwanga unaingia vizuri, na mkono wa yule wa kushoto utaonekana umekunja ngumi.